Habari Iliyokatwa Kutoka Chini

Kaka yangu aliuawa na ukuta wa mawe kwenye barabara iliyokuwa ikichimbwa kupanda Mhezi, kwetu mlimani, asubuhi, akiwa na jiwe begani. Nimeanza na hilo kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kuandika habari: jambo kubwa kwanza. Nilifundishwa mapema, nikaliacha somo hilo siku moja tu, ile niliyolihitaji. Kwa hiyo hasira iliyomo humu, sehemu yake ni juu yangu mwenyewe.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza. Mimi nilikuwa nimesoma hadi darasa la sita tu. Pale Same palikuwa na chuo kidogo, nyumba mbili za bati, ambapo vijana saba tulifundishwa kuandika gazeti la kurasa nne. Tulilichapa kwa mashine ya kuzungushwa kwa mkono, na wino ulitupaka mpaka viwikoni. Mwalimu wetu alikuwa Mzungu mrefu aliyekijua Kiswahili kuliko sisi, maana sisi tulikipata shuleni, nyumbani tukisema Chasu, lugha yetu Wapare.

Alituambia habari huanza na nani, nini, wapi na lini. Mengine hufuata kwa uzito wake, jepesi kabisa likae mwisho, kwa sababu ukurasa ukijaa mhariri hukata kutoka chini. Alituonyesha ubaoni: aliandika habari nzima, kisha akafuta mistari ya mwisho kwa kiganja, na iliyobaki ikasomeka vizuri tu. Niliyaandika hayo katika daftari langu. Siwezi kusema sikuambiwa.

Na nililiweza somo hilo. Nilipoandika habari ya lori lililopinduka karibu na Hedaru, kijana wa hukohuko Hedaru niliyekaa naye dawati moja aliisoma akatikisa kichwa.

"Wewe mtu wa mlimani," alisema, "umemuua dereva hata hujamwamkia."

Darasa zima lilicheka, na mimi nilicheka.

Mwezi uliofuata mjomba wangu alikuja chuoni bila kutarajiwa. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akakaa kwenye benchi nje. Alikunywa maji. Akanieleza habari za maharage, kwamba mwaka huu yamebeba. Akanieleza mvua iliyoziba mfereji, na ng'ombe wetu mwekundu kwamba amezaa jike. Alipofika kwa ndama nilikuwa nimeshafunga daftari langu. Kwetu aliyebeba msiba hautupi mlangoni. Anakaa, anapewa maji, anazungumza mambo ya kawaida mpaka moyo wa anayesikiliza uanze wenyewe kuelewa, ndipo anautaja, mwisho kabisa, kwa sauti ndogo. Mjomba alifanya hivyo, na hadi leo namshukuru.

Mwalimu alinipa ruhusa ya siku tatu. Alinishika mkono akanipa pole. Nalisema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu linafanya yaliyofuata yawe mabaya zaidi.

Nyumbani nilikuta kaka ameshazikwa. Nilikuta pia kwamba mchili, mkubwa wa kitongoji chetu aliyetumwa kuisimamia barabara, alikuwa amepeleka taarifa kwamba marehemu alikufa kwa homa, kitandani. Wanaume waliomfukua chini ya mawe kwa mikono yao walikuwa wamekaa pale msibani, kucha zimepasuka, wanasikiliza hayo ya homa. Walikuwa wakiitwa barabarani kwa pembe, pembe ileile inayotuita sote kwenda kuzibua ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Tofauti ni kwamba hii ya barabara asiyeiitika alifungwa. Kaka alikuwa amesema asubuhi ile kwamba ukuta una ufa. Mchili alimjibu kwamba ukuta haumhusu, abebe.

Mama hakulia mbele yangu. Aliniwekea makande, akangoja nimalize.

"Wewe ndiye unayeandika gazeti," alisema. "Andika kilichomuua mwanangu."

Gazeti letu lilisomwa kwa sauti nje ya kanisa kila Jumapili baada ya ibada, kwa kuwa wengi hawakujua kusoma. Msomaji alikuwa mzee wa kanisa, na mchili alikuwa akisimama palepale na wengine. Kilichosomwa pale kilikuwa kimesemwa mbele ya watu wote. Mama hakutaka zaidi ya hapo.

Nilirudi Same nikaandika. Nikaandika kama mjomba. Sikupanga hivyo, mkono ulikataa kumuua kaka katika mstari wa kwanza. Nilianza na pembe na ukungu, watu walivyotoka kwa wingi, mawe yalivyopangwa, barabara ilipofikia. Kisha kaka, kwamba ndiye aliyekuwa akiifungua ndiva kila alfajiri. Kisha ufa. Ukuta ukaja katika sentensi ya mwisho. Mwalimu aliisoma yote nikiwa nimesimama mbele ya meza yake. Alisahihisha mkato mmoja kwa wino mwekundu, akasema itatoka Jumamosi.

Wiki hiyo zamu ya mashine haikuwa yangu. Jumamosi nilichukua furushi la magazeti likiwa limefungwa kwa kamba, nikapanda lori hadi Makanya, kisha mlima kwa miguu. Sikulifungua. Nilitaka niisikie habari ile nikiwa na mama.

Jumapili mzee alisoma. Pembe ilikuwamo, na ukungu, na watu kwa wingi. Alisoma kwamba mawe yamepangwa vizuri na barabara imefika kwenye kona ya mkuyu. Kisha akaanza kusoma tangazo la mashindano ya bustani za maua.

"Endelea na ile ya kwanza," mama alisema.

"Imeishia hapo, mama."

"Endelea na mwanangu."

Mzee aligeuza karatasi, akaigeuza tena. "Hayumo," alisema.

Mchili alisema gazeti limesema vema, kazi ya Mhezi sasa imejulikana wilaya nzima. Mama aliniangalia. Nilikuwa nimemwandikia mchili sifa, kwa mkono wangu, siku chache baada ya mazishi.

Jumatatu niliingia kwa mwalimu bila kubisha hodi.

"Ulijua ni kaka yangu."

"Nilijua," alisema.

"Na ulisoma mpaka mwisho."

"Nilisoma. Ukurasa ulijaa, nikakata kutoka chini. Ndivyo nilivyowafundisha."

Sijui kama aliagizwa. Sikuona barua, na sitaandika nisichokiona. Lakini mtu mwenye macho, anayejua kilichomo katika mstari wa mwisho, akaufuta kwa kiganja ili maua yapate nafasi, huyo nilimchukia kuliko mchili. Mchili alidanganya ili ajiokoe. Mwalimu alikuwa na kanuni, na kanuni ilimtosha.

Nilichukua karatasi mezani kwake nikaandika nikiwa nimesimama: jina la kaka, ukuta, Mhezi, siku yenyewe, ufa alioutaja, na neno alilojibiwa na mchili. Mistari minne. Aliisoma, na uso wake ukafurahi, furaha ya kweli ya mwalimu.

"Hii ndiyo habari," alisema, akaandika juu yake, kwa wino uleule mwekundu, tisa kwa kumi.

"Itoe, basi."

"Hii imeshapitwa. Gazeti linataka mapya."

Nilimnyang'anya karatasi. Sikurudi darasani, na cheti cha chuo kile sina.

Jumapili iliyofuata nilimpa mzee wa kanisa karatasi ile. Alimaliza kusoma gazeti, akaikunjua, akaisoma kwa sauti ileile, bila kutangulia na maelezo. Alianza na jina la kaka. Wale waliomfukua walivua kofia. Mchili aliuliza karatasi ile imetoka wapi, na mzee akamwonyesha wino mwekundu wa Mzungu pale juu. Mchili aliuona kama idhini, akarudi nyuma.

"Soma tena," mama alisema.

Mzee akaisoma tena, na mchili akaondoka kabla haijaisha.

Jumatatu pembe ililia kama kawaida. Wanaume walikwenda barabarani, lakini hakuna aliyekubali kupita chini ya ukuta ule mpaka ulipobomolewa wote.