Meno ya Bawa la Nyenje

Nilikuwa mchoraji katika chumba cha wadudu, kule chuoni. Mwalimu niliyemfanyia kazi, Mganda mpole aliyeniita mwanangu, alikuwa ameshughulika miaka mingi na jiwe moja lisilozidi kiganja cha mtoto. Ndani yake mlikuwa na alama ya bawa la mdudu wa jamii ya nyenje, aliyekufa kabla ndege wa kwanza hajaruka angani.

Alinionyesha chini ya hadubini mshipa mmoja wenye meno madogo kama ya tupa. Nyenje hana sauti kooni, alinieleza. Huimba kwa kusugua bawa juu ya bawa. Zamani hizo huenda nchi kavu ilikuwa na upepo, maji na ngurumo tu, hakuna kiumbe aliyemwita mwenzake, mpaka wadudu walipoanza. Alitaka nichore kila jino, kwani nafasi kati ya meno humsaidia mtu kukisia kama mlio ulikuwa mwembamba au mzito.

Asubuhi moja waliingia wanaume watatu wenye miwani myeusi. Enzi ile ya wanajeshi hakuna mtu Kampala ambaye angeuliza ni akina nani. Walisema Kiswahili. Mwalimu alikijua kidogo mno. Kwa wengi ilikuwa lugha ya kambini. Sisi wa mtaa wa Kibuli, ambao babu zetu walitoka pwani, tulikizungumza nyumbani. Mmoja akaniuliza kama nakielewa. Nikasema ndiyo.

"Ambia yeye avae koti," akasema. "Tunaenda."

Nikamgeukia mwalimu, nikamwambia kwa Kiganda, kwa sauti ile ile niliyomkaribishia chai: "Ssebo, wanaomba uvae koti, mtoke pamoja."

Hilo neno "wanaomba" nililitia mimi.

Akavaa. Mlangoni akaniambia meno ya upande wa kulia bado, kisha wakateremka naye ngazi. Nilisikia milango ya gari ikifungwa. Nikainamia hadubini, nikaendelea kuchora. Mchana nilikula muhogo wangu wote.

Siku ya tatu alikuja mke wake. Alikuwa ametoka kambi ya jeshi ya Mbuya kuulizia, wakamrudisha getini. Alikaa kwenye kiti cha mumewe, akaniuliza walimwambia nini.

"Walimwomba atoke nao, nnyabo," nikasema.

"Walimwomba?"

"Ndiyo."

Akanishukuru. Nilimtazama akifuta uso kwa ncha ya kitambaa chake, nikangoja nihisi kitu. Sikuhisi.

Mwalimu hakurudi, wala mwili haukupatikana. Mchoro niliumaliza baada ya wiki chache, nikaupeleka kwa karani, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumpa. Aliuliza ni kitu gani. Nikasema ni bawa. Akaufungia kabatini, akaendelea kupiga taipu.