Nyumba za Wanawake wa Bukittinggi

Niliondoka Mombasa kwa sababu sikutaka kusema ndiyo, na la nayo sikuiweza. Wengine husafiri kutafuta tiba, wengine ibada. Mimi nilisafiri kulikimbia swali la kaka yangu.

Kaka Omari alitaka tuiuze nyumba ya marehemu mama, kule Mtopanga. Mnunuzi alikuwepo, mtu wa kujenga maghorofa kama yale yaliyomeza minazi yote ya utotoni mwangu. Sisi ni watatu: Omari, mimi, na mdogo wetu Mwanaidi, mjane, anayeishi humo na binti zake wawili. Omari alishasema ndiyo. Mwanaidi hakuulizwa. Nikabaki mimi, niliyepanga chumba Kiembeni, na ambaye fungu langu lingeninunulia kiwanja changu mwenyewe.

"Nikirudi nitakujibu," nikamwambia.

"Ukirudi kutoka wapi?"

"Indonesia."

"Kuna nini Indonesia?"

"Milima."

Omari alinitazama kama anavyotazama bili ya maji. "Taita nako kuna milima, Salimu. Jioni ushafika."

Lakini Taita sina rafiki. Kule Sumatra ninaye: Syafril, baharia ambaye meli yao ilikwama Kilindini zamani, siku hizo nikianza kazi ya kuendesha mashine za makontena Changamwe. Tulikutana msikitini Ijumaa moja nikamleta nyumbani, na mama akamlisha mpaka akasahau ana meli. Tangu hapo, kila Idi hunitumia salamu na neno moja: njoo. Mwaka huu nilikuwa na likizo, na nilikuwa na sababu ya kutojulikana nilipo.

Nairobi, kisha Ghuba, kisha Jakarta, kisha Padang. Safari ya angani haina masimulizi. Unakaa, unalishwa, unaambiwa ufunge mkanda.

Padang, asubuhi, nilishuka nikavuta pumzi ya ugenini. Chumvi, dizeli, nazi inakunwa mahali. Wallahi nilidhani nimepanda ndege zote hizo kufika Likoni. Syafril alikuwa mlangoni, ana mvi na kitambi, amenyoosha mikono.

"Salimu! Apa kabar?"

Nilimwelewa kabla ya kufundishwa. Kilichobaki tulikiziba kwa Kiingereza chake cha melini na changu cha shule.

Kutoka Padang barabara inaiacha bahari na kuanza kupanda. Bonde lilizidi kubana mpaka tukafika penye maporomoko ya maji yaliyo kando ya lami kabisa, hata magari yanalowa, na watu wanasimama kupigana picha katikati ya njia bila wasiwasi. Baada ya hapo hewa ilibadilika. Mashamba ya mpunga yamekatwa ngazi ngazi mlimani, na pande mbili milima imesimama: Singgalang uliotulia, na Marapi unaofuka moshi. Nilimwuliza Syafril kama ule moshi si hatari.

"Hatari," akasema, akanipa karanga.

Nilivaa shati la pili juu ya la kwanza. Nyumba nazo zikaanza kuota pembe, mapaa yamepinda ncha zikitazama mbinguni. Syafril akanieleza. Hapo kale lilikuja jeshi kutoka Java, wakakubaliana wapiganishe nyati wa kufugwa badala ya watu. Wajava wakaleta dume kubwa kama lori. Watu wa hapa, Waminangkabau, wakaleta ndama aliyenyimwa maziwa, wamemfunga chuma chenye ncha puani. Ndama akamkimbilia yule dume kutafuta chuchu, akampasua tumbo.

"Kwa hivyo mwajisifu kwa kumdanganya mtoto," nikamwambia.

"Twajisifu kwa kuwa hakufa mtu. Wewe ungeleta nini?"

Pengine ningeomba likizo.

Bukittinggi tulifika mchana. Ni mji mdogo ulioketi juu ya vilima kama kuku juu ya mayai, na upande mmoja ardhi imekatika ghafla, bonde la kuta wima ambalo chini yake unapita mto mwembamba. Nyumba ya Syafril iko mtelemkoni, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtu yeyote wa kwetu angelifanya, tena kwa adabu zote.

Nilikuwa nimebeba kikoi kizuri cha mwenye nyumba na leso ya mkewe. Tukakaa mkekani: Syafril, mkewe Yusna, na mama mkwe wake, bibi kizee mdogo wa umbo, mkavu, waliyemwita Amak. Nikasimama, nikamkabidhi Syafril kikoi kwa mikono miwili. "Mwenye nyumba, pokea hiki kidogo changu. Naomba ruhusa ya kukaa kwako."

Syafril alikishika kikoi kama kitu cha wizi. Amak alipofasiriwa alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Mwenye nyumba ni huyu," Syafril akasema, akimwonyesha Amak. "Baada yake, Yusna. Mimi hapa ni mgeni kama wewe, ila nimekaa sana."

"Miaka mingapi?"

"Tangu nilipooa."

Amak akakichukua kikoi, akajitupia begani, mambo yakaisha. Tangu saa hiyo nilipotaka hata maji ya kuoga niliomba kwake, na Syafril naye aliomba.

Siku ya pili alinitembeza. Katikati ya mji upo mnara wa saa uliojengwa wakati wa Waholanzi. Mwanzo, akanieleza, kileleni palikaa jogoo. Wajapani walipouteka mji wakati wa vita wakauvika paa la kwao, na uhuru ulipokuja wenyeji wakauvika pembe za nyati. Saa ilikuwa ile ile siku zote. Nikamwambia Mombasa tunayo ngome iliyobadilisha wenyewe kama shuka za gesti, kwa hiyo naelewa. Ngome yao ya Waholanzi imekuwa bustani, watoto wanakula aiskrimu juu ya mizinga. Chini ya mji Wajapani walichimbisha mahandaki, na waliochimba hawakuchimba kwa hiari. Huko ndani sote wawili tuliacha mzaha.

Alasiri tulikwenda nyumbani kwa dada yake, na njiani Syafril akageuka mtu mwingine. Yule aliyeomba maji alipanda ngazi bila kubisha hodi, akakaa mahali pa heshima, vijana wakaja kumbusu mkono. Akawauliza masomo, akamkaripia mmoja kwa sababu ya pikipiki, akachunguza dari inapovuja.

"Hapa sasa wewe ni nani?" nikamwuliza.

"Mamak. Mjomba. Watoto wangu wanaangaliwa na kaka wa Yusna, mimi nawaangalia hawa."

Akanifafanulia. Anachokichuma mwenyewe atakigawa kwa sharia, kama sisi. Lakini nyumba na shamba la mababu havigawiki wala haviuzwi hivi hivi. Vinapita kwa wanawake, mama kwa binti, na wanaume huzivinjari nchi za watu kwa kuwa nyumbani hawana chao. Zamani mahujaji waliorudi kutoka Makka waliikemea mila hiyo, ugomvi ukawa vita, Waholanzi wakaingia wakisema wamekuja kusaidia, wakakaa zaidi ya miaka mia. Mila ikabaki, dini ikabaki. Walioondoka ni wasaidizi.

Siku ya mwisho, asubuhi, Amak alinikaribisha kinywaji cha majani ya kahawa katika kifuu. Akauliza habari za ile nyumba ambamo Syafril alilishwa. Nani anakaa humo sasa?

"Dada yangu na binti zake."

Amak akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ningenyamaza hapo ningekuwa mtu wa maana. Lakini nikaongeza, "Ila twataka kuiuza."

Syafril hakufasiri. "Nimwambie kweli?"

"Mwambie."

Amak alikiweka kifuu chini. Hakukasirika. Aliuliza polepole, kama mtu anayetafuta kuelewa msiba wa jirani: "Dada yako amekosa nini?"

Nikasema hajakosa. Nikasema ni mirathi, kila mtu na fungu lake. Akasema mirathi anaijua, yeye pia huswali. Je, nyumba aliijenga baba yako?

"La. Babu alimjengea mama alipoolewa. Baba aliingia na sanduku la nguo."

Niliyasikia maneno hayo yakinitoka. Ndivyo ilivyokuwa kwa familia za zamani za kwetu: binti hujengewa, mume humfuata. Nyanya yangu aliishi hivyo, na nyanya yake. Nilikuwa nimevuka bahari nzima kuja kuelezwa habari za Mtopanga na bibi aliyevaa kikoi changu.

Nyumbani nilirudi Jumamosi, na Jumapili Omari akatuita ukumbini kwa mama. Alikaa kitini, funguo za gari mkononi.

"Haya, msafiri. Jibu."

"La," nikasema. "Siuzi. Nyumba ya mama ni ya Mwanaidi na wanawe."

"Hayo umefundishwa na Wajava?"

"Si Wajava."

"Na kiwanja chako?"

"Sina kiwanja. Nitaendelea kupanga."

Nilieleza kuhusu babu na sanduku la baba. Omari alinisikiliza mpaka mwisho, akasema nimerogwa na wageni, akaondoka pilau ikiwa mezani. Hajanipigia simu hadi leo, na chumba changu cha Kiembeni kimezidi kuwa kidogo.

Nilimgeukia Mwanaidi nikitazamia walau asante. Alikuwa akipakua.

"Kwani kaka Salimu," akasema, "mlidhani ningehama?"

"Omari alishapata mnunuzi."

"Nyinyi mlikuwa mkizungumza. Mimi nilikuwa nangoja mmalize." Akanisogezea sahani. "Ukuta wa jikoni umepasuka, na hawa watoto hawana mjomba mwingine anayeshika mwiko wa fundi. Kula kwanza."

Nikala. Jumatatu niliomba ruhusa kazini, nikaenda kununua simiti.