Kesho Naipiga

Juzi binti yangu alirudi na basuni ya shule, ile filimbi ndefu ya mbao, na harufu ya mafuta yake ikanirudisha kwenye kambi ya polisi tulikokaa. Mchana mmoja baba aliingia na sanduku, akamwambia mama, "Tumeambiwa kila mtu achague yake. Nimechukua hii. Kesho naipiga mbele ya wakubwa."

Mimi mtoto wa kambi nilijua kinachopigwa ni bunduki. Sikuwaza kwamba hata ngoma inapigwa. Nilichungulia, nikaona bomba refu na vyuma. Nikapiga magoti nyuma ya mlango, nikamwomba Mungu kwamba baba asifungwe kwa kufyatua risasi mbele ya wakubwa.

"Wewe, unalilia nini?" mama akauliza. Nikamwambia.

Baba alicheka mpaka akakaa chini, akasema ni basuni ya bendi ya polisi, halafu akaipuliza nisikie. Ikalia kama ng'ombe mwenye mafua.

Nikarudi magotini. Sasa nilikuwa naomba wasimfukuze kazi.