Sauti ya Papa na Gitaa la Tonton

Juzi huko Kabondo pikipiki ilinguruma nje ya duka la fundi redio, na gitaa lililotundikwa ukutani likavuma bila kuguswa. Nilisimama pale, nikamkumbuka papa, baba yangu.

Nilikuwa bado mtoto, na tonton, mdogo wake papa, alikuwa amefariki. Gitaa lake lilibaki sebuleni kwetu, bado likinuka tumbaku yake. Tangu mazishi, papa, aliyekuwa na sauti nene kuliko wote katika kwaya, hakuimba tena.

Alasiri moja mvua ilipiga mabati, mama akikaanga samaki kwa mawese, na papa akaanza kuimba chinichini bila kujijua. Aliposhuka kwenye sauti moja nzito, gitaa likalia peke yake. Nilidhani tonton amejificha ndani ya lile tundu la gitaa.

"Papa, tonton iko anaitika."

Akakatiza wimbo, akanitazama. "Na weye umesikia?"

"Nimesikia. Imba tena."

Aliimba polepole, akiitafuta ile sauti mpaka akaipata. Nikaweka kiganja kwenye ubao wa gitaa, mtetemo ukapanda hadi kiwikoni. Papa alipiga magoti, akaweka mkono wake juu ya wangu, akaendelea kuimba huku machozi yakimtiririka. Jumapili alirudi kwenye kwaya.

Leo najua kwamba uzi hutetemeka wenyewe ukifikiwa na sauti inayolingana nao. Lakini mama aliniambia baadaye kwamba tonton, kila alipokaza nyuzi zake kutafuta sauti, alimwomba kwanza kaka yake aimbe.