Popi Alipokosa Miguu ya Nyuma

Nilipokuwa darasa la tatu, huko kwetu kwenye milima ya Mbooni, mbwa wetu Popi aliamka asubuhi moja akashindwa kusimama. Miguu ya mbele ilikuwa mizima. Ya nyuma aliiburuta kama gunia. Alijikokota hadi mlango wa jikoni, akalala hapo akituangalia.

Nyanya yangu, tuliyemwita Susu, alimtazama mara moja tu.

"Huyu amefanyiwa," akasema. "Uchawi hujaribiwa kwa mbwa kwanza. Mbwa akifa miguu ya nyuma, anayefuata ni mtu wa nyumba hiyo."

Kwetu watu waliamini hivyo, hata wale waliokaa viti vya mbele kanisani. Kilichobaki kilikuwa kumtaja mtu. Na usiku uliopita anti Kalekye, mke wa baba mdogo, alikuwa amempa Popi mabaki ya muthokoi, ule mchanganyiko wetu wa mahindi na maharagwe. Anti alikuwa ameolewa miaka sita bila kupata mtoto, na watu walikuwa washaanza kumsema.

"Ulimwekea nini?" Susu akamuuliza mbele yetu sote.

"Mama, ni chakula kilichobaki. Hata mimi nilikula."

"Na mbona wewe unatembea?"

Nilikuwa nimesimama hapo na sufuria mkononi. Mimi ndiye niliyejua. Jioni ile, kabla ya chakula, nilimbeba Popi hadi ukingo wa shamba, pale ardhi inaposhuka kama ukuta, nikamsukuma nione kama ataangukia miguu kama paka. Aliangukia mgongo. Alilia mara moja, kisha akanifuata nyumbani polepole, nikadhani yamekwisha.

Ningesema. Lakini niliogopa kuchapwa na baba, na nilifikiri mtu mzima akisema ukweli huaminiwa.

Wiki hiyo baba mdogo alimrudisha anti kwao Migwani na sanduku moja. Anti aliponipita njiani alinishika kichwa. "Popi umpe maji," akaniambia. "Usisahau."

Nikampa, kila siku. Baada ya wiki tatu hivi Popi akasimama akitetemeka, akatembea hatua nne. Nilipiga kelele kwa furaha. Susu akatoka, akaangalia.

"Mmeona sasa? Mchawi ameondoka, mbwa ametembea."

Furaha yangu ikaishia hapo hapo. Kupona kwa Popi ndiko kulikommaliza anti. Tangu siku hiyo hakuna aliyemtetea tena, hata mama yangu.

Mwaka jana nilienda Migwani. Nilimkuta anti kwenye duka lake dogo, akipima ndengu. Nikamweleza yote huku nikilia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwenu umewaambia?"

"Bado, anti."

"Sasa mimi unaniambia ya nini? Mimi nilijua tangu siku ile kwamba sikufanya kitu."

Akamgeukia mteja aliyekuwa akingoja.

Nimerudi Mbooni mara tatu tangu hapo. Susu tulishamzika. Baba mdogo ana mke mwingine na watoto wanne, na watoto hao husimuliwa habari za yule mchawi wa Migwani. Nimekaa nao mezani nikasikia zikisimuliwa, nikaendelea kula. Kwa miaka mingi nilijisamehe kwa sababu nilikuwa mtoto. Sasa nina miaka arobaini na moja, na bado sijasema.