Shati Ndani ya Tumbo la Joka

Safari hii ilianza na shati. Mwaka 2017, majira ya baridi yalipokwisha, Mama Lian, Mchina anayeniuzia vitambaa huko Cyrildene, mtaa wa Wachina hapa Johannesburg, alikuja hadi kwenye cherehani yangu Yeoville akaweka mezani shati la samawati lililopauka mabegani. Lilikuwa la baba yake. Mzee huyo alikuwa mvuvi wa pwani ya Fujian. Uzeeni alikuja kuishi na binti yake Johannesburg, akafariki kabla ya kuiona tena bahari.

"Mama Furaha, nishonee hili ndani ya tumbo la joka," alisema.

Alinieleza desturi yao. Kijijini kwao, mwezi wa vuli ukiwa mpevu, wavuvi husuka joka la majani makavu, hulichomeka vijiti vya udi mwili mzima, hulicheza barabarani likifuka moshi, kisha hulitupa baharini likiwa bado linawaka. Mvuvi akifia mbali, shati lake hushonwa tumboni mwa joka, nalo humrudisha nyumbani. Mama yake alikuwa kule pwani anangoja. Lian alikuwa amemwahidi kwa simu kwamba mzee atarudi.

"Sasa bahari utaitoa wapi hapa?" nikamuuliza.

"Bwawa la Vaal. Nimeona picha, ng'ambo haionekani."

Nikakubali kushona, nikaomba na nafasi ya kwenda. Mimi ni mtu wa Kalemie, nimekulia kando ya Ziwa Tanganyika, na tangu nifike jiji hili maji makubwa niliyoyaona ni ya beseni la kufulia.

Asubuhi ya safari, Cyrildene. Joka lilikuwa limelala kando ya barabara kati ya makreti ya kabichi na matenga ya samaki wakavu, refu kama lori, rangi yake kama nyasi za kuezekea. Wachezaji wake walikuwa wapishi wa mikahawa ya mtaa ule, wengine bado na aproni. Nilipiga magoti na sindano ya magunia, nikaanza kulishikiza shati kwenye majani. Mama Lian akanizuia mkono.

"Kola iangalie mbele. Asisafiri kinyumenyume."

Papa Deo, Mrundi mwenye lori tulilokodi, alilizunguka joka mara mbili akikuna kidevu. "Mama Lian, hiki kinyoka chako ni abiria wangapi?"

"Mmoja," akajibu. "Baba yangu."

Papa Deo akavua kofia. Hakuivaa tena hadi tulipoondoka.

Kabla ya kupakia, wapishi walilicheza kidogo bila moto. Udi uliwekwa akiba hadi tufike kwenye maji, kwa maana joka likiingia majini bila kuwaka, hubaki majani tu. Ngoma ikalia. Kwenye roboti, yaani taa za barabarani, kijani kiliwaka na magari hayakuondoka.

Saa nne, barabarani. Tulipanda mgongo wa jiji, safu ya vilima inayolikata katikati, tukateremkia upande wa kusini, tukapita vichuguu vya mchanga wa migodi ambavyo juani vilikuwa na rangi ya siagi. Kichwa cha joka kilitazama nyuma kutoka kwenye lori, majani yakilichomoka moja moja na kuelea juu ya lami. Ng'ombe shambani waliinua vichwa wote kwa pamoja. Nilisinzia, nikaota niko ndani ya shati lile na upepo unalijaza. Nilipoamka, Mama Lian alikuwa akisimulia kana kwamba hakuwa ameacha.

"Kila jioni alikwenda kuangalia lile ziwa dogo la Bruma, jirani na kwetu. Walipolikausha, akawa anasimama kwenye kijito kilichobaki. Nikamwambia, baba, huo ni mtaro. Akasema, lakini unanuka kama bandari."

Saa saba, Vaal. Maji yalikuwa mapana, meupe, yametulia, na kweli ng'ambo ilifutika kwenye ukungu wa joto. Mpishi mmoja alichovya kidole akaonja, akatikisa kichwa: hayana chumvi. Mama Lian alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Kando yetu mama mmoja wa Kisotho alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja akivua kambale. Kwetu Kalemie kila mtoto anajua kwamba ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, na kwamba maji yake huingia mto Kongo na kwenda hadi bahari ya machweo. Mtu wa kwetu akiona ziwa, huuliza mlango wake. Nikauliza.

"Pale kwenye ukuta," alisema yule mama bila kuondoa macho kwenye ndoano. "Yanaingia mto Orange, yanakwenda machweo mpaka Atlantiki."

Mama Lian akageuka. "Atlantiki?"

"Eish," akasema Papa Deo. "Mzee atatokea Brazili."

Wapishi wakacheka. Mama Lian hakucheka.

"Kwetu hakuna anayeuliza," alisema polepole. "Unatupa ufukweni, basi. Bahari ni moja."

"Kama ni moja, si utupe hapa?" Papa Deo akamwambia, safari hii kwa upole. "Mzee mwenyewe ni mvuvi, ataijua njia."

"Alikuwa na mashua ndogo. Hakuwahi kwenda asikokujua." Akamgeukia mvuvi wa kambale. "Mama, yapo maji yanayokwenda mawio?"

"Si mnatoka Johannesburg? Mgongo wa jiji lenu ndio unaogawa maji. Ya kusini yanakuja kwetu huku. Ya kaskazini yanaingia Jukskei, yanafika Limpopo, halafu Bahari ya Hindi."

"Jukskei?" Papa Deo akashangaa. "Ule mtaro wa Bruma?"

Mama Lian akageuka kulitazama joka.

"Nyuma ya duka langu," akasema.

Tukapakia tena. Kabla ya kupanda nilinawa uso kwa maji yale. Yalikuwa yanakwenda bahari ileile ya maji ya kwetu.

Jua likizama, Bruma. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha juzi, lakini kijito kilifika kwenye vifundo vya miguu tu, kikibeba chupa na mifuko. Vijiti vyote vya udi vikawashwa. Joka likawekwa majini likiwa jekundu kama makaa, likasogea kidogo, likakwama kwenye mawe. Udi uliendelea kufupika. Wapishi wakatazamana.

Mama Lian akavua viatu. Akaingia, akashika kichwa cha joka kwa mikono yote miwili, akakiinua. Wapishi wakamfuata mmoja mmoja, kila mtu na sehemu yake ya mwili, na aliyebaki ukingoni akapiga ngoma. Wakalicheza ndani ya maji, juu ya mawe, chini ya matawi, moshi ukining'inia kijitoni kama shuka lililoanikwa. Mwezi ulikuwa umechomoza, mpana na wa manjano. Walipofika penye kona, ambako mkondo una nguvu, Mama Lian alipapasa tumbo la joka, akaitafuta kola kwa vidole.

"Mbele," akasema, akaachia.

Liliondoka. Tuliziona cheche zake mpaka zilipojificha nyuma ya matete.

Papo hapo, akiwa bado majini, alimpigia mama yake simu. Baadaye nikamuuliza alimwambia nini.

"Kwamba ameondoka. Akauliza bandari gani. Nikamwambia ndogo, lakini inanuka kama ya nyumbani."

Nilirudi Yeoville. Siku hizi mvua ikinyesha nasimama mlangoni kutazama mtaro wetu unakoelekea. Unakwenda kaskazini, kwa akina Mama Lian. Maji yanayokwenda bahari ya kwetu huanzia ng'ambo ya mgongo wa jiji. Nimekwisha kuiulizia njia, wanasema kwa miguu unafika.