Bidoni Zilizorudi Tupu Nyamitaba

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa kabla ya saa sita mchana, kisha nikarudishwa. Kosa langu lilikuwa kupangusa sonde kwenye kitenge nilichovaa. Sonde ni chuma chembamba chenye mfereji: unakidunga kwenye donge la jibini, unakizungusha, kinatoka na kipande cha ndani ili uone na unuse kilichojificha. Chefu, yaani mkuu wa depo yetu ya Masisi, mtu mfupi asiyependa mzaha, alinitazama kama anayemtazama mtu aliyetemea chakula mate.

"Mama Masika, ile kitambaa imekusanya mavumbi ya barabara yote, sasa unaiweka mu chakula ya batu? Enda kwenu."

Nilipofika mlangoni akaniita. "Rudia. Lakini unawe mikono kwanza."

Patron wetu alikuwa mfanyabiashara wa Butembo, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, mwenye maduka na magari ya mizigo. Hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Jibini aliyouza ilikuwa na chapa yake, lakini ilitengenezwa na watu wengine kwenye milima ya Masisi. Kazi yangu hadi nastaafu ilikuwa hiyo: kujua nani atutengenezee na kwa mapatano gani. Vijana wanaoanza biashara siku hizi hunipigia simu kuniuliza habari hizo, na wengi wao wanadhani ni kuulizana bei tu.

Yule Chefu ndiye aliyenifundisha kwamba njia ni tatu. Ya kwanza ni kununua kitu kilichokwisha: fundi anatafuta maziwa yake, chumvi yake na prezure yake, yaani dawa ya kugandisha maziwa, anatengeneza na kukomaza mwenyewe, wewe unabandika chapa. Hapo hulali na wasiwasi, lakini donge zuri kuliko yote anaweza kumuuzia mwingine. Ya pili ni fasoni. Kila mwanamke wa kwetu anaijua kwa fundi cherehani: unampelekea kitenge chako, yeye anashona tu na unamlipa mkono wake. Kwenye jibini, fasoni maana yake maziwa ni yako tangu asubuhi, na yakichacha yamechacha yako. Ya tatu ni kugawana kazi: fundi anatengeneza jibini mbichi kwa maziwa yake, wewe unaichukua ingali laini na kuikomaza kwenye kave yako, chumba cha baridi chenye mbao za kuipangia.

"Usichague kwa kinywa," Chefu aliniambia. "Angalia kwanza inaenda wapi."

Nilimwelewa nilipopelekwa Mpofi, huko Walikale, kusimamia depo ndogo. Mpofi kuna joto. Jibini changa iliyotoka Masisi imependeza ilifika kwangu inatoka jasho la mafuta, na wanunuzi waliibonyeza kwa kidole wakacheka. Nilichukia sana kuchekwa. Kwa hiyo niliporudishwa Masisi kuwa msimamizi wa mafundi, nilirudi na msimamo mmoja: ya Mpofi lazima ikomae hadi iwe ngumu.

Fundi wetu bora alikuwa Mama Furaha wa Nyamitaba, Muhunde, mjane, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Karakana yake ilikuwa nyumba ya mbao yenye masufuria mawili. Yeye pia hakuwa na ng'ombe wengi. Maziwa aliletewa na wanawake wa jirani kulipokucha, kila mmoja na bidoni yake, dumu la plastiki. Alikuwa anatuuzia kwa njia ya kwanza, na alitegemea karakana hiyo kusomesha watoto wake wote.

Mwaka mmoja, Noeli ikikaribia, depo ya Mpofi iliagiza jibini nyingi kuliko kawaida. Patron akaja mwenyewe Masisi na kuamua tuhamie fasoni. Alitaka maziwa yawe yake ili hata donge moja lisipite kwa mwingine. Nilimwambia kwamba huko Nyamitaba hatujui kununua maziwa, tunajua kununua jibini. Akanijibu kwa upole, kama katekista: "Mama Masika, maziwa ni maziwa. Tutajifunza."

Siku za mwanzo mambo yalikwenda vizuri, nikaanza kujiona mwoga bure. Kisha Patron akapanda Nyamitaba kutazama kazi. Ukigandisha maziwa na kutoa jibini, kinachobaki ni maji ya rangi ya kijani kibichi kidogo, mengi kweli. Tunayaita maji ya maziwa. Aliona wanawake wanachotewa maji hayo kwenye bidoni zilezile walizoletea maziwa.

"Hii inaenda wapi?" akauliza.

"Kwa nguruwe na ndama," Mama Furaha akajibu. "Ya bamama."

"Maziwa nimenunua mie. Ile inatoka mu maziwa yangu iko yangu."

Kwa hesabu ya fasoni, alikuwa na haki. Kitenge kikibaki kipande, fundi anakurudishia. Isitoshe, Patron alikuwa ameanza kufuga nguruwe uani mwa depo. Kesho yake maji ya maziwa yakapakiwa kwenye mapipa, na wanawake wakashuka mlimani na bidoni tupu. Hakuna aliyegomba. Walituaga vizuri, hata wakatuombea safari njema, na upole ule ndio ulionitia hofu.

Asubuhi iliyofuata walikuja wachache. Baadaye hakuja mtu. Nikapita nyumba kwa nyumba, na kila mahali nikapewa kiti, nikapewa mashanza, yale maziwa ya kuganda tunayoyapenda wote, na jibu moja.

"Ng'ombe zimekauka, Mama Masika."

Ng'ombe wote wa Nyamitaba, juma moja! Na mimi nimeshika kikombe cha mashanza mkononi. Patron, Mungu amrehemu kwa wema wake, aliamini. Akamleta daktari wa mifugo kwa pikipiki. Daktari akachuchumaa mbele ya watu, akamkamua ng'ombe wa kwanza, ndoo ikajaa. Hakuna aliyecheka kwa sauti. Patron akageuka kwa Mama Furaha, uso umemwiva.

"Basi ni weye unabafundisha. Juma iyi maziwa isipokuja, natafuta fundi mwengine, na ukuje kuuzisha masufuria yako."

Mama Furaha hakujitetea. Aliniambia mimi tu, tukiwa karibu na jiko lililopoa: "Nikibaambia balete, balete juu ya nini? Bidoni hairudiake nyumbani tupu. Ile maji ndo inanifanya jirani yabo. Ukiniondolea ile, niko nani?"

Iliniuma. Nilishuka Masisi siku hiyohiyo na kumkuta Patron anawaangalia nguruwe wake wakinywa.

"Patron," nikasema, "kwenye duka yako ya Butembo, mama akinunua maharagi, unapima unanyamaza?"

"Apana. Namuongezea kidogo."

"Na usipoongeza?"

"Ataenda kwa jirani. Hata hatasema kitu." Akatazama pipa. "Ah."

"Ndo vile, Patron. Na ng'ombe zitakauka."

Alilifunika pipa. Kisha akauliza njia ya tatu inakuwaje, nami nikamweleza upya: Mama Furaha anunue maziwa kwa jina lake, maji ya maziwa yabaki yake na majirani zake, sisi tuchukue jibini mbichi na kuikomaza kwenye kave yetu wenyewe. Akakubali. Noeli ile Mpofi walipata pungufu ya walichoagiza, kwa kuwa jibini haiharakishwi, na nguruwe wa Patron waliliwa kwenye sikukuu. Lakini ng'ombe wa Nyamitaba walipona wote siku moja, na karakana ya Mama Furaha haijafungwa hadi leo ninapoandika.

Sasa nimestaafu, naishi Bweremana kando ya ziwa. Kijana akinipigia kuniuliza achague kununua kilichokwisha, fasoni au kugawana kazi, namweleza zote tatu bila kuficha. Halafu namuuliza kinachobaki baada ya kazi, makapi, vipande, maji, kwa sasa kinaenda kwa nani. Wengi huwa hawajui. Nawaambia wakaangalie kwanza, ndipo wanipigie tena.

Siku niliyokwenda Nyamitaba kuaga, Mama Furaha alichukua bidoni, akaijaza maji ya maziwa na kunitwisha.

"Mama Furaha, mie sikuleta maziwa," nikamwambia. "Na kwangu sina nguruwe."

"Utauza moja," akasema, kwa maana ya kununua, kama tunavyosema huku.

Nilishuka naye tumeshikana mikono hadi kwenye pikipiki, tunalia wote wawili bila aibu. Juma hilohilo nikanunua nguruwe.